Mtoto ayajua maji, lakini swali la kitabuni lamshinda

Mwalimu_Langoni
Assalamu alaykum. Nafundisha Sayansi na Teknolojia, Gredi ya 5, hapa Amu (Lamu). Wiki iliyopita niliwapa zoezi: ni nini husababisha maji kujaa na kupwa? Kijana mmoja, babake mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa, aliacha pengo, nami nikamtia sifuri. Jioni yake nikamkuta gatini ameshika kamba ya dau. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, watatoka lini. Akanijibu palepale: "Sasa ni maji mafu, mwalimu. Bamvua bado siku sita. Na kesho maji yatachelewa kuliko leo, kwa hivyo tutaondoka baadaye kidogo." (Maji mafu ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu; bamvua ni siku ambazo hujaa na kupwa sana.) Niliona haya.

Maabara hatuna. Tuna sumaku mbili na chati iliyoliwa na mchwa. Nataka anachokijua gatini kiingie darasani, kipimwe, kiandikwe, kiulizwe kwa nini. Nianzie wapi?

Nahodha_Matondoni
Wa alaykum salaam, mwalimu. Mimi nimestaafu safari, na darasani sikukaa sana. Tafuta upondo mkuukuu, ule mti mrefu wa kusukumia dau. Upake rangi kila sentimita 10, nyekundu na nyeupe, kisha ufunge kwenye nguzo ya gati maji yakiwa yametoka, uukaze usicheze. Watoto wasome maji yakijaa yamefika alama gani, na ilikuwa saa ngapi. Kando waandike tarehe ya Kiislamu. Hiyo wanaijua tangu chuo cha Kurani. Kwa mwezi mmoja wataona wenyewe kuwa bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mara nyingi siku moja au mbili nyuma yake, na maji mafu huangukia kama tarehe 9 na 23. Nakuomba usiwaambie mapema. Waache waione karatasini.

Fizikia_Malindi
Nahodha amemaliza kazi, mimi naongeza ile "kwa nini". Kila siku maji yatachelewa kama dakika 50. Wapeleke uwanjani. Mtoto mmoja awe dunia, ajizungushe papo hapo. Mwingine awe mwezi, amzunguke polepole kwa upande uleule. Dunia akimaliza mzunguko mmoja atakuta mwezi umeshasogea, itambidi ageuke kidogo zaidi ndipo waonane uso kwa uso. Hicho kidogo ndicho dakika 50.

Kisha mlete mtoto wa tatu, jua. Wakiwa mstari mmoja, jua na mwezi husaidiana kuvuta: bamvua. Jua likivuta kwa ubavuni, maji mafu. Watakuuliza mbona mwezi mdogo unalishinda jua. Jibu ni ukaribu: nguvu ya jua ya kuinua maji haifiki nusu ya ile ya mwezi.

Mama_Shela
Samahani mwalimu, wangu mwaka ujao ana mtihani wa Gredi ya 6. Mwezi mzima wa upondo, kitabu kitakwisha lini? Na huko gatini nani atawaangalia?

Mwalimu_Langoni
Mama, la gatini umesema kweli na nimelishika. Watakwenda watatu watatu, mchana tu, pamoja na mzazi mmoja, na watasoma alama wakiwa juu ya ngazi. Hakuna kushuka majini. Kuhusu kitabu, kupima, kujaza jedwali na kuchora grafu vyote vimo humo. Nilikuwa navifundisha kwa hesabu za kubuni za watu wa mbali. Nitatumia dakika 10 za mwanzo wa kipindi, basi. Na wako akija siku moja na babake, karibuni sana.

Nahodha, upondo umepatikana. Kauleta yule kijana, ni wa babake, umepasuka kichwani. Leo tumeupaka rangi uani mwa shule. Nilianza kuandika namba kutoka juu, akanizuia mkono: "Sifuri iwe chini, mwalimu. Maji yanapanda."