Klei ya polima, udongo wa mfinyanzi, unga wa chumvi au kufuma: kipi kinamfaa mtu mwenye maumivu ya kudumu?

MamaGlory_Sakina
Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa. Mimi niko Arusha huku Sakina, kiuno na mabega vinaniuma mwaka wa sita huu. Nilishaambiwa ni maumivu ya kudumu maana yalivuka ile miezi 3 wanayoihesabu kama mpaka, kwaiyo dawa nakunywa na mazoezi nafanya, ila kuna zile saa kuanzia kigiza kikiingia mpaka usingizi uje, akili yote inahamia kiunoni, nimekaa nausikiliza mwili kama mtu anayesikiliza mwizi darini. Nikashauriwa nitafute kitu cha taratibu cha kufanya na mikono, cha kutuliza kichwa. Sio biashara jamani, sitaki kuuza hereni, msinitumie mambo ya mtaji. Nimebaki na vitu vinne: klei ya polima (ile ya kuoka kwenye oveni, nimeiona Youtube), udongo wa kawaida wa mfinyanzi, unga wa chumvi kama wa watoto wa chekechea, au kufuma. Mliojaribu niambieni ukweli.

Mzee_wa_Pasua
Marahaba mama Glory, pole sana. Mimi ni baridi yabisi, vidole hivi. Nitakuambia upande wa udongo wa kawaida kwa sababu mama yangu alikuwa Mpare wa Usangi na kule ufinyanzi ni kazi ya wanawake, nimekua nikimuona anazungushia kamba za udongo mpaka chungu kinasimama bila gurudumu lolote. Nilivyostaafu nikasema ngoja nijaribu. Raha yake hakuna mfano, ile harufu tu ukiimwagia maji unasahau deni. Lakini udongo ni wa baridi na umeloa, dakika ishirini tu viungo vinaanza kulalamika, na hapa ni Moshi kwenye joto, huko kwenu mwezi wa saba sijui itakuwaje. Ni mzito, lazima uukandekande utoe hewa na vijiwe, na kubwa kuliko yote hauwezi kukusubiri. Ukizidiwa ukaenda kujilaza, ukirudi kesho umekauka na kupasuka, hata ukifunika na nailoni. Nina vibakuli vitatu vimeishia katikati, nawekea misumari. Na kuchoma ni kuni na uwanja, sio kitu cha nyumba ya kupanga.

Dogo_Njiro
Mama si usukume tu chapati, ukimaliza unakula 😂

klei_na_kahawa
Dogo umetania ila umegusa penyewe. Mama Glory mimi niko Rau, Moshi, nina fibromayalgia (ule ugonjwa wa misuli kuuma mwili mzima) na mwaka wa tatu niko na polima kwaiyo nina upendeleo, najisema mapema.

Kwanza hiyo kitu sio udongo kabisa. Ni plastiki, PVC hiyohiyo ya mabomba imechanganywa na kilainishi na rangi, ndo maana haikauki kwa hewa mpaka ikutane na moto. Na hapo ndipo ilipo faida yake kwa watu kama sisi, wala sio uzuri wa rangi. Nikianza shanga saa moja na mkono ukakataa saa moja na robo, naacha pale pale, nafunika, narudi baada ya siku nne naikuta vile vile inanisubiri. Hakuna anayenidai. Kitu kingine chochote nilichojaribu kilikuwa kinanidai.

Shida zake sasa. Ya kwanza ni kuilainisha. Ikitoka kwenye karatasi ni ngumu, lazima uikande mpaka ikunjike bila kukatika, na hapo ndipo wengi wenye vidole vibovu wanaachia. Aina zinatofautiana: Fimo Soft na Sculpey III ni laini, Kato ni ngumu kama kisigino, usiiguse. Huko Arusha kwenye baridi ya Juni na Julai hata laini inakuwa jiwe. Mimi nakata vipande vyembamba kwa kisu kama siagi, natia kwenye kamfuko ka nailoni, nafunga ndani ya kanga tumboni, naendelea kuchambua mboga. Dakika ishirini ikitoka hapo ina joto la mwili, unabonyeza tu kwa kiganja. Usithubutu kuweka karibu na jiko, niliwahi kuiacha dirishani Februari hapa Moshi jua likaipiga mchana kutwa, nikakuta imeshaanza kuwa ngumu yenyewe, ukiikunja inavunjika vunjika kama andazi la juzi.

Ya pili bei. Pakiti ndogo ni gramu 57, na mpaka ifike hapa mimi inanigharimu karibu kilo ya nyama. Lakini kumbuka hauoki kila siku. Mie kuna bonge la kijani nimelifinyanga na kulivunja tangu mwaka jana, halijawahi kuwa kitu.

Ya tatu ni moto, hiyo wengine wataeleza maana mimi niliwahi kujitia moshi 🙈

fundi_uzi
Mimi natetea kufuma, naona hakuna anayeutetea uzi wangu. Sindano moja, uzi mmoja, unafuma popote, kwenye daladala, kwenye foleni ya kliniki, bei chee. Na ile kuhesabu inakata mawazo kweli, huwezi kuhesabu vishimo na kuwaza kiuno kwa wakati mmoja. Ila nitasema ukweli mama Glory, ulisema mabega. Kufuma unainama, shingo inakwenda mbele bila kujua, unashtuka saa limepita bega limeganda. Na mchezo wa "nimalize mstari huu kwanza" ndio unaotuua. Ukitaka chukua sindano nene, shina lake lizungushie kasponji na mpira, usibane. Lakini kwa mabega sina uhakika nikushauri.

tibakazi_
Nimesoma kimya kimya nikashindwa kunyamaza. Kazi yangu ni ile ya kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli za mikono, nilisomea hapo hospitali ya KCMC, Moshi. Simfahamu mama Glory kwaiyo hii sio tiba, ni maelezo tu.

Kwa nini mikono inasaidia: mwaka 1965 Melzack na Wall walitoa ile nadharia ya lango, kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, taarifa za mguso zikiwa nyingi zinabana nafasi ya taarifa za maumivu kupita. Imerekebishwa sana tangu hapo ila wazo la msingi bado linatumika, ndo maana ukijigonga unajisugua bila kufundishwa. Upande wa kutuliza akili, Jon Kabat-Zinn alianza programu yake Massachusetts huko Marekani mwaka 1979 na wagonjwa wake wa kwanza wengi walikuwa hao hao wa maumivu ya kudumu ambao hospitali imewafikisha mwisho. Hakuwaahidi maumivu yataondoka, aliwafundisha kuyaona bila kukimbia. Na kuna utafiti wa 2016 wa Chuo Kikuu cha Drexel, watu wazima 39 walipewa dakika 45 za kuchora, kubandika na kufinyanga, karibu robo tatu yao kotisoli (homoni ya msongo) ikashuka. Hao hawakuwa wagonjwa wa maumivu, kwaiyo tusiupake siagi kuliko ulivyo.

Sasa kosa ninaloliona kila wiki: mtu akipata siku nzuri anafanya masaa matatu, siku mbili zinazofuata yuko kitandani, anasema klei imenidhuru. Sio klei. Pima siku yako MBAYA unaweza dakika ngapi, tuseme kumi, basi hata siku nzuri unafanya kumi. Weka alamu, unaacha kabla haijauma. Ndio maana hoja ya klei_na_kahawa ya "hakuna anayenidai" naiona kubwa kuliko bei. Viwiko viwe juu ya meza, taulo lililokunjwa chini yake, meza ifike usawa wa kiwiko ili kitu kikufuate wewe na sio wewe ukifuate.

klei_na_kahawa
@tibakazi_ asante, dakika kumi ndo zangu pia. Nahesabu pumzi kwa mizunguko: kipande cha ukubwa wa punje ya harage, kiganja juu kiganja chini, pumzi moja mzunguko mmoja, polepole, mpaka kinakuwa duara. Ukikimbia kinatoka kama yai, ukibonyeza sana kinabaki na mstari. Kikiwa sawa unakisikia kabla hujakiona, kinateleza kiganjani hakigusi pembe popote. Alafu nakibonyeza na kidole gumba, alama ya kidole inabaki humo, nakianza upya. Jioni moja mara saba au nane. Watu wa nyumbani wanasema naanza kuchanganyikiwa.

Dogo_Njiro
Sasa moto je? Maana mliahidi moshi

klei_na_kahawa
Haha sawa. Fimo Soft ni nyuzi joto 110 (Selsiasi) kwa nusu saa, Sculpey ni 135, dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene. Mimi sikuwa na oveni, nikatumia sufuria ya mchanga juu ya mkaa kama tunavyooka keki. Huwezi kujua nyuzi humo. Baada ya muda harufu kali ya plastiki ikanikaba koo, shanga zimekuwa kahawia na mapovu. Ikiungua inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inawasha macho na mapafu, kwaiyo ukisikia harufu hiyo zima, fungua madirisha, toka na watoto. Sasa natumia kaoveni kadogo ka mezani ka mtumba na kipimajoto cha oveni ndani yake, maana hata swichi ya oveni inadanganya. Na siokei kwenye sufuria ya chakula tena, wala hutengenezi kikombe cha kunywea kwa klei hii.

Mzee_wa_Pasua
Na ule unga wa chumvi hakuna aliyeuzungumzia, vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji. Nilikuwa nakanda na wajukuu, ni kama tulivyokuwa tunapewa kinyunya mama akipika mikate. Laini, wa joto ukitumia maji ya vuguvugu, mkono hauumi kabisa. Ila msimu wa mvua unavuta unyevu, wangu uliota ukungu, siafu nao wakaja. Kwa kujaribu kwanza bila kupoteza hela naona ndio wenyewe, Dogo na chapati zake alikuwa na hoja.

Dogo_Njiro
Shikamoo mzee, nimeheshimiwa leo

MamaGlory_Sakina
(wiki tatu baadaye) Nimerudi kutoa mrejesho. Nilianza na unga wa chumvi wiki moja kama mzee alivyosema, nikaona kweli kuna kitu, ile saa mbili usiku ikawa inapita. Maumivu yapo pale pale jamani nisiwadanganye, ila sikai nayasikiliza. Alafu mdogo wangu akaniletea Fimo Soft mbili kutoka Nairobi, nyeupe na ya bluu. Nalainisha kwenye kanga asubuhi nikipika chai. Dakika nane kwanza, sasa kumi, alamu ikilia naacha hata kama kiko katikati, ingawa siku ya pili nilidanganya nikafika nusu saa na nikalipa siku nzima. Sijaoka hata kimoja. Mume wangu ananiuliza hivi unatengeneza nini, namwambia duara.

Swali moja tu. Nilizihifadhi kwenye kale kakopo kagumu kanakong'aa, ka plastiki. Leo nafungua mfuniko hautoki, chini kumekuwa kunanata kama gundi. Nimekosea wapi?

klei_na_kahawa
Yani hilo nilisahau kulisema, pole dada. Kilainishi kilichomo kinakula plastiki ngumu za aina hiyo. Weka kwenye nailoni laini, karatasi ya kuokea au chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati. Iliyonatana usiitupe, kwangua juu, ya ndani nzima. Kakopo ndo kameshaenda.

MamaGlory_Sakina
Kalikuwa ka mama mkwe 😩