Kijiji kinageuzwa nyumba za likizo, sisi tunaolea wazee wake tunapewa notisi

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa na hasira na maji yamenifika shingoni, kwa hiyo atakayeona maneno makali anivumilie.

Naishi rasi ya Llŷn, kaskazini magharibi mwa Welisi (wengi mnaandika Wales), kwenye kijiji ambacho jina lake naliweka kando kwa sababu watu ni wachache na tunajuana wote. Nilikuja 2023 kwa viza ya kulea wazee, nikiwa na mwanangu. Kijiji kina mtaa mmoja wa nyumba za mawe, kanisa, duka dogo na kituo cha basi, halafu ni mashamba ya kondoo mpaka baharini, yamegawanywa kwa matuta ya mawe na udongo ambayo wenyeji huyaita cloddiau. Upepo wa huku wakati wa baridi unakuchapa usoni na chumvi yake. Mimi ni mtu wa Pangani, chumvi ya bahari naijua, na kijiji hiki nilikipenda tangu wiki ya kwanza.

Sasa sikilizeni. Mwisho wa Oktoba nimepewa notisi ya miezi sita nihame. Sijachelewesha kodi hata mara moja. Sijavunja kitasa. Nililipa pauni 575 kila mwezi, nikapaka rangi jikoni kwa mkono wangu. Nilipompigia mwenye nyumba kumuuliza kosa langu, akasema hakuna kosa, ila mwezi wa nane nyumba ile ile itampa pauni 900 kwa wiki. Kwa wiki, wakuu! Sheria ya upangaji ya Welisi iliyoanza Desemba 2022 ilirefusha notisi ya namna hii kutoka miezi miwili hadi sita, nashukuru kwa hilo, lakini bado mwenye nyumba halazimiki kutoa sababu yoyote. Miezi sita ya kutafuta nyumba ambayo haipo ni sawa na siku sita.

Na haipo kweli. Januari iliyopita nilitoka zamu, saa nne usiku hivi, nikapanda mtaa wetu kwa miguu. Nyumba kumi na nne. Nikahesabu madirisha yenye taa: matatu. La kwangu, la mzee mmoja mstaafu wa uvuvi, na la bibi ninayemlea. Zile kumi na moja nyingine zina kisanduku cheusi cha funguo pembeni ya mlango, kile cha kubonyeza namba, na ndani ni giza kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Umande umeganda juu ya visanduku, hakuna aliyevigusa. Huku Pwllheli, mji wetu wa karibu, kuna vijana waliozaliwa hapa hapa wanalala kwenye vyumba vyao vya utotoni pamoja na watoto wao.

Wanaotetea jambo hili huanza na hoja moja: watalii wanaleta pesa. Sikatai, zinakuja, na dukani wakati wa kiangazi hupiti kwa foleni. Lakini niambieni, nani anafua yale mashuka kila Jumamosi wageni wa zamani wakitoka na wapya wakiingia? Ni sisi na wamama wa hapa, na wengi wao sasa wanatoka mbali kwa gari kwa sababu kijijini hawawezi kupanga. Pesa kubwa inalala kwa mwenye nyumba ambaye anakaa miji mingine kabisa.

Kuna jambo ambalo liliniuma nilipolielewa. Kwa miaka mingi mtu mwenye nyumba ya pili aliweza kuisajili kama biashara ya kupangisha wageni, akatoka kwenye kodi ya nyumba ya halmashauri, kisha kwa kuwa ni biashara ndogo akapata msamaha wa kodi ya biashara nayo. Sharti lilikuwa nyumba ipangishwe siku 70 tu kwa mwaka. Yaani mimi mfanyakazi wa ulezi nililipa kodi ya halmashauri kila mwezi, jirani yangu wa kisanduku cheusi akalipa sifuri, na takataka zetu zikabebwa na gari moja. Ni Aprili 2023 ndipo serikali ya Welisi ilipopandisha sharti hadi siku 182, na ikaziruhusu halmashauri kuongeza kodi ya nyumba za pili hadi asilimia 300 juu ya kawaida. Gwynedd, kaunti yetu, ikaweka asilimia 150. Septemba 2024 ikaongeza sharti tena: anayetaka kugeuza nyumba ya kukaa kuwa ya likizo ilimbidi aombe kibali cha mipango cha halmashauri kwanza. Kelele zilizopigwa mngedhani watu wamenyang'anywa watoto. Wenye mali wakaenda hadi mahakamani. Wapangaji wanaotolewa hawana pesa ya wakili, kwa hiyo kelele zao hamzisikii.

Nenda Abersoch, si mbali na hapa, uone mwisho wa njia hii. Kibanda cha mbao cha ufukweni, cha kuwekea viti na taulo, kimewahi kuuzwa kwa zaidi ya pauni 100,000. Na shule ya msingi ya kijiji hicho hicho ilifungwa mwisho wa 2021, watoto wamekwisha. Mkweche wa mbao una thamani, darasa halina. Shule ya mwanangu nayo ina watoto wa kuhesabika. Tukiondoka sisi anapungua mmoja, na familia nyingine iliyopewa notisi kama yangu ina watatu.

Mwanangu ana miaka minane na anazungumza Kiwelisi kuliko Kiingereza. Bibi ninayemlea, mwenye miaka 91, mwanangu humwita Nain, ndivyo wanavyosema bibi huku kaskazini. Akitoka shule anapita pale, anavua viatu mlangoni kama nilivyomfundisha, anauliza kama Nain anataka panad, yaani kikombe cha chai. Bibi ana ugonjwa wa kusahau. Kiingereza kimeanza kumtoka, kinabaki Kiwelisi cha utoto wake. Asubuhi nikimwambia "bore da", yaani habari za asubuhi, ananishika mkono. Mlezi wa zamu aliyetumwa kutoka mbali akamsalimia kwa Kiingereza, bibi akageuza uso ukutani na hakula siku nzima. Niliyaona kwa macho yangu. Sensa ya 2021 inasema Gwynedd asilimia 64.4 wanazungumza Kiwelisi, wakati Welisi nzima ni 17.8. Ngome yenyewe iliyobaki ndiyo hii, na inabomolewa nyumba moja moja.

Bibi ndiye aliyenisimulia habari za Capel Celyn. Alisimulia kwa Kiwelisi, nikaokota nusu, nyingine nikaenda kusoma. Kilikuwa kijiji karibu na mji wa Bala, bonde la mto Tryweryn, watu wa kilimo, wote Kiwelisi. Jiji la Liverpool likataka maji. Muswada ukapita bungeni London mwaka 1957 bila mbunge hata mmoja wa Welisi kuupigia kura ya ndiyo. Wanakijiji walikuwa wameandamana hadi Liverpool kwenyewe mwaka 1956, na watoto wao, wakatemewa mate. Mwaka 1965 bonde likajazwa: shule, kanisa, posta, nyumba na mashamba kumi na mawili, vyote chini ya maji. Baadhi ya marehemu walihamishwa makaburini, wengine wakaachwa palepale na zege juu yao. Halmashauri ya Liverpool iliomba radhi mwaka 2005, baada ya miaka arobaini. Ukipita barabara ya pwani karibu na Llanrhystud kuna ukuta wa nyumba iliyobomoka umeandikwa kwa rangi "Cofiwch Dryweryn", kumbukeni Tryweryn. Bibi akimaliza habari hiyo huwa anatazama dirishani kwenye zile nyumba za giza na kusema neno moja tu, "eto". Maana yake "tena".

Waliotoka Lamu wanaielewa lugha hii bila tafsiri. Ulizeni nyumba za kijiji cha Shela kule ni za nani leo.

Najua kuna watakaonijibu kwamba mimi mwenyewe ni mgeni, nakalia nyumba ya Mwelisi, nina kiherehere gani. Hapa kijijini hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Juma nilipopokea notisi, yule mzee mvuvi aliniletea viazi na samaki wawili aina ya mackerel kwenye gazeti, hakusema kitu, aliweka mezani akakaa. Wenyeji ndio walioanza mapambano haya. Kuna kikundi chao kinaitwa Hawl i Fyw Adra, yaani haki ya kuishi nyumbani, na kuna mabango ya "Nid yw Cymru ar Werth", Welisi haiuzwi. Mgeni anayekaa mwaka mzima, analipa kodi na mtoto wake yuko darasani hawagombani naye. Wanagombana na taa zilizozimwa.

Msiniambie pia "hamia mjini". Viza yangu imefungwa kwa mwajiri mmoja. Natembelea wazee wanne, asubuhi saa moja mpaka usiku. Basi la kwanza kutoka Pwllheli linafika huku bibi ameshakaa saa nzima na nepi iliyolowa. Treni? Reli inaishia Pwllheli, na ile iliyokuwa ikipanda kaskazini kwenda Caernarfon na Bangor, iliko hospitali kubwa, ilifungwa mwaka 1964. Gari sina. Na tangu Julai 2025 Uingereza haitoi tena viza ya ulezi kwa walio nje, kwa hiyo nikiondoka mimi msidhani kuna mwenzangu anasubiri uwanja wa ndege. Nani atamwambia bibi "bore da"? Nimemuuliza mwenye nyumba swali hilo hilo. Akanijibu kwamba hayo ni ya halmashauri. Halmashauri wakaniweka kwenye orodha ya kungoja.

Notisi inaisha mwisho wa Aprili, wiki chache baada ya Pasaka, wageni wanapoanza. Kama kuna mtu humu anayeishi Gwynedd au ana ndugu huku, natafuta vyumba viwili vya kupanga mwaka mzima kati ya Pwllheli na Nefyn, hata juu ya duka, hata karakana iliyogeuzwa ilimradi ina jiko na joto. Na kama kuna aliyewahi kupinga notisi ya namna hii Welisi (si England, sheria ni tofauti), aniandikie inboksi alifanyaje.