MJADALA: Kikundi kizima kipelekwe kileleni, au kila mtu apelekwe mlima anaoumudu?

Mwanzisha mada (Sakina, Arusha)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba, maofisi, vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya na watu waliosoma pamoja sekondari, hapa Arusha na jirani zetu Moshi, huanza kuchangishana hela za kupanda Kilimanjaro. Chanzo chake tunakijua: usiku wa Uhuru, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge kule juu. Ni fahari yetu na siipingi. Ninachopinga ni utaratibu uliozoeleka wa "wote kilele cha Uhuru, siku tano, njia ya Marangu". Kwa wengi wanaochangishwa ni uchaguzi mbaya, na nataka tulizungumze wazi kwa sababu hela ni za wengi na afya ni za wengi.

Tazameni mwinuko kwanza. Geti la Marangu liko chini kidogo ya mita 1,900. Usiku wa kwanza unalala kambi ya Mandara, kama mita 2,700. Wa pili Horombo, kama 3,700. Wa tatu kambi ya Kibo, kama 4,700, na pale hulali hasa, kwani kwenye saa sita usiku unaamshwa uanze kupanda kuelekea Gilman's, ukingoni mwa kreta, na hatimaye Uhuru, mita 5,895. Ushauri wa kitabibu unaofuatwa na wapanda milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya kama mita 500 kwa usiku. Sisi tunapandisha elfu moja, na kesho yake elfu moja tena. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, hali chakula, na wenzake wanamwambia ajikaze asiiangushe timu.

Halafu kuna imani kwamba mazoezi yanatosha. Mazoezi yanasaidia miguu na pumzi, lakini hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyepesi ya huko juu. Kijana anayekimbia kila asubuhi anaweza kulala chini Kibo huku mama wa makamo anayetembea polepole akipita. Kinachomsaidia mtu ni muda, na muda ndicho kitu cha kwanza kukatwa bajeti ikibana: ile siku ya sita, ya kulala Horombo mara mbili na kutembea hadi Zebra Rocks ili mwili uzoee, inafutwa kwenye karatasi kabla ya fulana za kikundi.

Pendekezo langu: tuanze na siku tulizonazo na yule dhaifu kuliko wote, ndipo tutaje mlima. Mwenye siku moja aende Mandara na kreta ya Maundi, arudi. Anapita msituni, anaona mbega, na pale Maundi kukiwa kweupe anaviona vilele vya Kibo na Mawenzi. Mwenye siku tatu alale Mandara, alale Horombo, ateremke. Huu ndio mpango ninaoupenda kuliko yote na hakuna anayeutangaza, eti kwa kuwa hauna kilele. Unavuka msitu, unaingia kwenye nyika ya vichaka, unafika kwenye lobelia na ile miti mikubwa ya senesio isiyofanana na kitu chochote cha kwetu huku chini. Wenye siku nne na miguu imara, Meru. Wanaotaka kilele cha siku moja, kuna Longido, zaidi ya mita 2,600, njia ya Namanga, na Hanang kule Katesh, mita 3,400 na ushee, ingawa Hanang ni siku ndefu kweli.

Karibuni.

Mwongoza wapandaji (Moshi)

Kaka, umesema vizuri, ila hapo kwenye Meru nakusimamisha. Watu wanaiita Meru mlima wa mazoezi kwa kuwa ni mita 4,566 tu. Nimeongoza milima yote miwili na ninasema hivi: asiyezoea kutembea juu ya miamba usiku, Meru itamtisha kuliko Marangu. Ukitoka kambi ya Saddle, ya mwisho kabla ya kilele, ukishapita Rhino Point, unatembea ukingoni mwa kreta. Upande mmoja ni mteremko, upande mwingine ni shimo. Sehemu nyingine unashika mwamba kwa mikono, na asubuhi kunakuwa na barafu. Marangu ni njia pana, inachosha lakini haiogopeshi.

Jambo la pili, Meru iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha na chini kule kuna nyati na tembo, kwa hiyo mnatembea na askari mwenye silaha. Hamwezi kutawanyika mnavyotaka. Kikundi cha watu ishirini chenye wazee watatu kinatembea mwendo wa wale wazee, au wazee wanabaki Miriakamba, kambi ya kwanza. Hilo lisemwe mapema, si getini Momella.

Na siku tatu za Meru msizikubali. Siku ya tatu mtu anatoka Saddle usiku, anafika kileleni, kisha anateremka hadi getini siku hiyo hiyo. Ni kama mita 3,000 za kushuka. Magoti yanaisha. Siku nne, tena anayeishia Meru Ndogo, mita 3,800 na ushee, jioni ile ya Saddle, amepanda mlima na asione haya. Panapandwa kwa saa moja hivi, na Kilimanjaro unaiona ng'ambo.

La mwisho, ninyi waandaaji mkikata siku, mnakata na posho ya wapagazi, lakini mzigo haupungui. Kikomo ni kilo 20 kwa mpagazi. Pimeni mabegi yenu nyumbani. Kikundi cha siku tatu kinachobeba spika na kreti za soda kinamwonea mtu.

Mzee wa Tengeru

Vijana, nawasikiliza. Mnazungumza kama madaktari, na sawa, lakini kuna jambo mmelipita. Miaka mingi kileleni walikuwa wanakwenda wageni, na sisi tunabeba. Leo Mtanzania analipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kiasi ambacho mgeni hakioti. Ninyi ndio mnamwambia aishie Maundi? Mtoto wa Machame anaiona Kibo kila asubuhi anapofagia uwanja. Akikua na kuambiwa kule si saizi yake, ataamini ni kwa wengine.

Mimi sikubali kikundi kigawanywe. Watu wakipanda pamoja wanajuana, mkubwa na mdogo. Asiyefika Uhuru atafika Gilman's, asiyefika Gilman's atafika kambi ya Kibo, na wote wamekwenda. Wapeni siku sita badala ya tano, hapo nakubaliana nanyi. Lakini lengo libaki kilele.

Mwalimu wa sekondari (Himo)

Mzee shikamoo. Kwa watu wazima hoja yako ina uzito. Kwa wanafunzi siikubali hata kidogo. Mtoto hajui kusema "kichwa kinaniuma kupita kawaida", anaficha ili asionekane legelege mbele ya wenzake. Mwanafunzi akianza kuyumba kama mlevi au kukohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa, hiyo ni hatari ya kifo, anateremshwa saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mwalimu mmoja na wanafunzi arobaini ataliona hilo saa ngapi?

Mandara siku moja inatosha kabisa kwa shule. Jiografia yote ya kitabuni iko pale: msitu wa mvua, kreta, vyanzo vya maji yanayoingia kwenye mifereji ya vihamba. Waliovutiwa watarudi wakiwa wakubwa.

Dada wa Kiborloni

Mbona wote mmechukulia kwamba kila mtu anataka kupanda? Kikundi chetu cha akina mama, wapo wenye presha, wapo wenye miili mikubwa, wapo ambao baridi ni adui yao. Wanachangishwa sawa na wengine, siku ya safari wanaambiwa wabaki kupika. Sisi tukienda Materuni, tunapita migombani, tunafika kwenye maporomoko, tunarudi kutwanga na kukaanga kahawa, tunakunywa, tumefurahi na wote tumerudi wazima. Matembezi ya milimani ni pamoja na hayo. Mwenye kupenda ndege na misitu, Lushoto ipo, Magamba na Irente, na milima ya Pare ina Shengena, mita 2,463, ndani ya msitu wa Chome. Nani anaipigia debe Pare?

Kijana wa Mto wa Mbu

Mimi naongeza Ol Doinyo Lengai kwa wenye vifua. Haifiki mita 3,000, usiku mmoja umemaliza.

Mwongoza wapandaji (Moshi)

Mdogo wangu, taratibu. Urefu wake mdogo ndio unaodanganya watu. Ni volkano hai, ililipuka kwa nguvu 2007 na 2008, mteremko wake ni mkali tangu chini, majivu yanateleza, na huko juu hakuna maji. Unapandwa usiku kwa sababu ya joto la kule Ziwa Natron. Hata hewa haikusumbui, ila kushuka kunawashinda wengi. Aende aliyekwisha kupanda kwingine. Na ni mlima mtakatifu kwa Wamaasai, muingie kwa heshima.

Mwanzisha mada (Sakina, Arusha)

Shikamoo mzee wa Tengeru. Kilele ni chetu, hilo halina ubishi, na kwa sababu hiyo hiyo nataka Mtanzania akifike akiwa na fahamu zake, ashuke akisimulia alichokiona. Kibo haihami. Kikundi kinaweza kwenda Horombo mwaka huu, kikawajua watu wake, na mwakani wanaotaka na walio tayari wakapewa siku sita kamili. Pia si lazima iwe Desemba. Vuli ikichelewa kuisha, msituni ni tope na juu ni theluji, na Januari na Februari huwa kukavu zaidi.

Dada wa Kiborloni amenigusa. Fomu ya mchango iwe na chaguo kabla mtu hajatoa hela: Materuni, Maundi, Horombo, au kileleni kwa siku sita, na kila mmoja alipie anakokwenda. Jioni ya mwisho wote wakutane Marangu wale pamoja.

Na mwongozaji akisema mtu huyu ateremke, mwenyekiti wa kikundi asibishane naye.

Palipobaki pagumu ni ile siku ya sita. Gharama yake ni ya kweli: vibali, chakula, posho za wapagazi. Mnaonaje, kikundi kiifidie kutoka mfuko wa wote, wakiwemo wanaokwenda Materuni, au ibebwe na wapandaji peke yao? Mimi naegemea wapandaji. Mzee, na wewe?