Seti ya kwanza ya roboti kwa watoto wa miaka 7 na 11: tuanze na ipi?

Mama Wawili (muulizaji)

Habari zenu, ndugu. Nina watoto wa miaka 7 na 11 ambao kifaa chochote kikiharibika nyumbani hukimbilia bisibisi ili waone kilichomo ndani. Ningependa kuwanunulia seti ya kujifunzia roboti, lakini karibu kila kasha ninalolitazama limeandikwa kwamba linafaa kuanzia miaka 8 na kuendelea, maelezo ambayo hayanisaidii kuchagua. Mimi mwenyewe sijui kuandika programu. Je, seti moja itawatosha wote wawili, au kila mmoja apewe yake? Na nikague nini kabla ya kulipa?

Fundi Saketi

Mama Wawili, ningewatenganisha. Mtoto wa miaka 7 bado anahangaika na kusoma, hivyo skrini iliyojaa maandishi itamchosha kabla roboti haijasogea. Anafaa kuanza na roboti ya vitufe, mfano wa Bee-Bot, ambayo haihitaji kompyuta wala simu: amri zinabonyezwa mgongoni mwake, kila hatua ni sentimita 15, na kila kona ni nyuzi 90. Mtoto hulazimika kupanga safari nzima kichwani kwanza, kisha akaona mwenyewe ni hatua ipi iliyokosewa.

Wa miaka 11 mpe micro:bit pamoja na kigari chake cha mota mbili. Micro:bit ni kompyuta ndogo iliyo kwenye ubao wa saketi wa sentimita 4 kwa 5 wenye taa ndogo 25, vitufe viwili na kitambuzi cha mwendo, na ulibuniwa kwa ajili ya watoto wa rika lake hasa; mwaka 2016 BBC iliusambaza bure kwa wanafunzi wapatao milioni moja nchini Uingereza. Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni kwamba ubongo wa roboti hiyo unachomoka kwenye mwili. Siku kigari kitakapowachosha, ubao uleule utakuwa kipimajoto au kihesabu hatua. Seti ambayo ubongo wake umefungiwa ndani ya plastiki hufanya jambo moja tu, na watoto hulimaliza mapema.

Mwalimu wa Sayansi

Naomba kutofautiana kidogo na Fundi. Seti moja inaweza kuwatosha ikiwa mdogo atashika bisibisi na mkubwa atashika kompyuta, mradi wabadilishane zamu. La sivyo mmoja ataishia kuwa mtazamaji. Programu nyingi za seti hizi hufuata mtindo wa Scratch, lugha ya programu ya watoto iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambapo amri ni vipande vya rangi vinavyopachikwa kimoja juu ya kingine. Kwa mdogo ipo ScratchJr, ya miaka 5 hadi 7, inayotumia picha badala ya maandishi.

Kuhusu ukaguzi, muulize muuzaji kama seti inaweza kupokea programu kwa waya wa USB bila intaneti. Zile zinazoongozwa kwa programu ya simu pekee hubaki mapambo siku programu hiyo itakapoacha kuhudumiwa. Hata majina makubwa hufika mwisho: seti ya roboti ya LEGO Mindstorms ilianza mwaka 1998 na uuzaji wake ukasitishwa mwishoni mwa 2022.

Mkono wa Waya

Kuna atakayekushauri ununue Arduino, ubao mwingine wa saketi unaoandikiwa programu, kwa kuwa vipuri vyake ni rahisi kupatikana. Ni ubao mzuri, nami nautumia, lakini usiwe wa kwanza kwa mtoto ambaye hana mtu wa kumwelekeza. Pini moja (sehemu ya kuchomekea waya) ya Arduino Uno, aina yake ya kawaida, haipaswi kutoa zaidi ya miliampea 20 hivi, ilhali mota ndogo huhitaji mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo lazima pawe na kiendeshi cha mota katikati, yaani saketi inayoipa mota umeme wa betri kwa amri ya ubao. Kile kinachouzwa sana, L298N, chenyewe hula takriban volti 2. Ukitia betri nne za kuchaji, zenye volti 1.2 kila moja, mota zinabakiwa na volti zisizofika 3. Zinanguruma, magurudumu hayazunguki, na mtoto anakesha na programu akitafuta kosa ambalo halimo. Seti ya mwanzo iwe na kiendeshi kilichokwisha kuunganishwa.

Mama Wawili

Nawashukuru sana. Nimevutiwa na seti moja ya micro:bit, ila inatumia betri moja ya lithiamu inayouzwa peke yake. Tena mnunuzi mmoja analalamika kwamba kigari hakiendi moja kwa moja, kinavuta kushoto.

Fundi Saketi

Betri ya lithiamu isiyo na kasha wala kinga iache, kwa sababu nguzo zake zikigusana na chuma inaweza kushika moto. Tafuta seti inayotumia betri za kawaida za AA. Huko kuvuta kushoto si ubovu. Mota mbili za bei nafuu hazilingani kamwe, hata zikitoka kiwanda kimoja. Mwache mwanao mkubwa apunguze kasi ya mota ya kulia, tuseme kutoka 100 hadi 95, akijaribu juu ya mstari ulionyooka sakafuni, na arudie kila betri zinapoanza kuchoka, maana tofauti hiyo nayo hubadilika.