Njiti wa kilo 1.8, baridi ya usiku Kirumba

Swali: Njiti karuhusiwa hospitali. Upepo wa ziwani usiku ni mkali. Tuweke jiko la mkaa chumbani au chupa ya maji moto?

Jibu: Vyote hapana, dada. Mkaa hutoa sumu isiyo na harufu, chupa huunguza ngozi. Mbebe kangaroo, yaani ngozi kwa ngozi kifuani pako: nepi, kofia na soksi tu, wima katikati ya matiti, kichwa kikitazama upande. Kitenge kifike chini ya sikio. Kikilegea, shingo hukunjika, pumzi huziba. Saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba naye ana kifua!

Jibu: Joto la kwapani liwe 36.5 hadi 37.5. Maziwa kila baada ya saa 2 au 3, hata amelala. Akichoka kunyonya, kamua, mpe kwa kikombe.

Jibu: Akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au akigoma kunyonya, hospitali usiku huohuo, akiwa kifuani.