Theluji imeyeyuka, nianzie wapi bustanini?

MpendaNyasi: Wadau, nyasi zangu zimelala, zina rangi ya majani makavu, na kivulini kuna kuvu mweupe. Mikono inaniwasha nianze kulima leo. Nianze?

Mzee wa Mboji: Subiri kwanza, ndugu. Finyanga udongo kiganjani: ukibaki donge linalonata, usikanyage hata kidogo, utaushindilia. Mwaka mmoja niliharakisha, nikahangaika na mabonge magumu hadi kiangazi. Ukimeng'enyeka, chana nyasi taratibu kwa reki, hewa iingie, kuvu wakauke. Mboji sentimita 2 vitaluni yatosha.

Dada Reki: Na ukikata nyasi mara ya kwanza, usizidishe theluthi moja ya urefu. Noa kisu cha mashine ya nyasi kwanza!

MpendaNyasi: Nimefinyanga, linanata. Basi nanoa kisu.