Wakuu, linki ya ftp:// haifunguki kwenye brauza, nifanyeje?

mtundu_wa_nyaya: Wakuu habari zenu, nataka kupandisha mafaili ya tovuti ya chama chetu, waliotupa seva wametutumia adresi inayoanza na ftp:// pamoja na jina na paswedi. Nikiibandika kwenye Chrome haifunguki, Firefox nayo hivyo hivyo, na zamani ilikuwa inafungua folda bila shida yoyote. Kompyuta yangu ina tatizo au seva ndo imekufa? Naombeni msaada, wenzangu wananisubiri

Babu Kibodi: Mkuu kompyuta yako nzima kabisa. Brauza zenyewe ndo ziliondoa FTP (njia ya kuhamisha mafaili kwenye mtandao) mwaka 2021, Firefox toleo la 90 na Chrome toleo la 95. Shusha programu ya kuhamisha mafaili kama FileZilla, au kama unatumia Windows hata WinSCP ni nzuri mno, zote bure. Jaza hosti (adresi ya seva), jina, paswedi, poti 21 (namba ya mlango wa FTP kwenye seva), unganisha, kushoto utaona mafaili yako kulia ya seva, unaburuta tu

poti22: Jamani poti 21 msimpe hivi hivi! FTP ni ya tangu 1971, ile ya kawaida haifichi kitu, mtu akiweza kunasa mawasiliano yenu kwa Wireshark (programu ya kuchungulia mawasiliano ya mtandao) anaona neno USER na jina lako, kisha PASS na paswedi yenyewe herufi kwa herufi. Waulize kama wana SFTP, hiyo inapita ndani ya SSH (njia salama ya kuunganisha na seva) poti 22 na kila kitu kinasimbwa, yaani kinafichwa. Usiichanganye na FTPS, hiyo ni FTP ileile imeongezewa TLS (usimbaji ule wa tovuti za https), nayo salama ila faiawoli huwa zinaisumbua

mtundu_wa_nyaya: Shukrani sana wakuu, wamejibu SFTP ipo. Sasa FileZilla inaleta onyo eti ufunguo wa seva haujulikani, nibonyeze OK?

poti22: Bado mkuu. Onyo hilo ni kawaida ukiunganisha mara ya kwanza, ila angalia ile mistari ya herufi inayoanza na SHA256, waombe wenye seva wakutumie ya kwao mlinganishe. Zikifanana mwanzo mpaka mwisho kubali na uweke tiki ikumbuke. Likikuletea tena siku nyingine kwamba ufunguo umebadilika, usiendelee mpaka uwaulize. Na kama ulishaingia kwa poti 21, badilisha paswedi leo leo